Aliyekataa kukaa na msuluhishi ajifiche nyuma ya msuluhishi?

Fundi wa madirisha, Changamwe

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Jambo hili limetugawa barazani tangu Ijumaa, nalileta kwenu mlichambue.

Nilitia madirisha ya aluminiamu kwenye ghorofa moja Nyali. Mwanakandarasi kabakisha shilingi 640,000. Mkataba wetu una kipengele: mzozo wowote uende kwa msuluhishi, yaani mtu wa kuamua badala ya hakimu, tutakayemkubali sote wawili, na tusipokubaliana ateuliwe na mwenyekiti wa taasisi ya wasuluhishi, tawi la Kenya. Nimemwandikia barua mbili, nimempa majina matatu achague. Kimya. Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo. Hapo ndipo alipopata sauti: wakili wake kaja siku ya kwanza kuomba kesi isimamishwe kwa sababu eti mkataba unataka usuluhishi. Usuluhishi ule ule alioukimbia!

Nasema sheria ibadilishwe. Ukiitwa kwa msuluhishi ukakataa, usiruhusiwe tena kukitaja kipengele hicho mbele ya hakimu. Anayepinga aseme.

Karani wa mawakili, mjini

Mimi napinga, ndugu yangu, na usinikasirikie. Kukataa kwake hakujakufungia mlango wowote. Kwani mkataba wako umemtaja mwenyekiti wa tawi kwa ajili gani? Barua ya tatu ilikuwa uiandike kwake, siyo kwa mwanakandarasi. Msuluhishi akishateuliwa, Sheria ya Usuluhishi ya 1995, kifungu cha 26, yamruhusu kuendelea hata kama mmoja hatokei. Kimya cha mdaiwa hakihesabiwi kuwa amekiri, kwa hiyo ushahidi wako utauleta kama kawaida, lakini tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, itatolewa. Wazee walisema asokuwapo na lake halipo.

Kuna na mikataba ambayo kila upande wachagua msuluhishi wake. Huko mwenzako akigoma, wampa ilani ya siku 14, na zikipita wa kwako aweza kuketi peke yake. Naye aliyegoma ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu kulalamika. Sheria ishawafikiria watu wa aina hiyo, ila sisi hatuisomi.

Mama wa vifaa vya ujenzi, Kongowea

Karani, waongea kama mtu ambaye hajawahi kumlipa msuluhishi. Hakimu analipwa na serikali. Msuluhishi analipwa na nyinyi wawili, na mwenzako akigoma kutoa fungu lake, walitoa wewe kwanza ukitaraji kurudishiwa. Sheria hiyo hiyo yampa msuluhishi ruhusa kuizuia tuzo mpaka ada yake itimie. Ukishaipata bado ni karatasi tu: uipeleke Mahakama Kuu itambuliwe ndipo dalali akakamate mali. Na aliyeshindwa ana miezi mitatu ya kuomba itupiliwe mbali.

Kwa laki sita na arubaini? Mahakama ya Madai Madogo yapokea madai mpaka milioni moja, na sheria yake yasema yaishe ndani ya siku 60. Mimi mkataba wa fundi ukija na kipengele hicho nakipiga mstari kwa kalamu, kila mtu atia sahihi pembeni, twaendelea na kazi. Sheria isibadilishwe kwa ajili ya watu wanaotia sahihi bila kusoma. Pole lakini.

Ajenti wa mizigo, Kilindini

Mama, usikifute kila mahali. Kwetu sisi kipengele hicho ndicho roho ya mkataba. Nimdai mtu wa Dubai hela ya kontena, hukumu ya hapa Mombasa nitamfikishia vipi? Tuzo ya msuluhishi yasafiri: kuna Mkataba wa New York wa 1958, wa nchi kutambua tuzo za nchi nyingine, Kenya imo tangu 1989 na Falme za Kiarabu zimo pia. Hata agome kuja, tuzo yaweza kumfuata kwake, mradi aliarifiwa sawasawa. Mkianza kusema aliyegoma amekiua kipengele, wajanja watagoma makusudi ili wakiue.

Fundi wa madirisha, Changamwe

Hilo la wajanja sikulifikiria, nakubali. Lakini pendekezo langu lilikuwa kukiua kwa upande wa aliyegoma tu. Mimi niliyeitika nibaki na hiari yangu.

Karani wa mawakili, mjini

Fundi, yaache ya Bunge kidogo. Kifungu cha 6 cha Sheria hiyo ya Usuluhishi chasema kesi isisimamishwe endapo mahakama itaona kwamba kwa kweli hakuna mzozo wowote juu ya jambo lenyewe. Nao walioomba walitakiwa kuomba mapema, kabla au wakati wa kuitikia kesi. Wakili wake kawahi, hilo tumwachie. Ila jee, huyu bwana alikuandikia popote kwamba unamdai?

Fundi wa madirisha, Changamwe

Kuandika hapana. Sauti ya WhatsApp ninayo: "Fundi, pesa zako ziko, nivumilie nilipwe na mwenye nyumba." Ya mwezi wa pili. Ya kwamba madirisha yana kasoro ameanza kuyasema baada ya kushtakiwa.

Karani wa mawakili, mjini

Sasa mbona waianza hadithi mkiani! Anayesema pesa ziko hajabisha deni, ameomba muda. Mwambie wakili wako aijengee hoja hapo. Hakimu aweza kukataa, maana wao watasema mzozo ulizaliwa baadaye, lakini hoja ipo. Simu yenyewe uende nayo, usiibadilishe wala usiifute.

Mama wa vifaa vya ujenzi, Kongowea

Na madirisha yavuja, hayavuji?

Fundi wa madirisha, Changamwe

Moja. La jikoni. Nilimwambia nitakuja kulirekebisha akishanilipa.

Karani wa mawakili, mjini

Ulimwambia kwa mdomo au kwa WhatsApp?