Naomba ushauri: namna ya kuandaa kahawa ya kihamba kutoka Kibosho

Ndugu wapenzi wa kahawa, nimeletewa kutoka Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, kahawa ya arabika iliyolimwa katika kihamba kimoja, yaani shamba la familia linalozunguka nyumba, chini ya kivuli cha migomba kwa desturi ya Wachaga, bila kuchanganywa na ya shamba lingine. Imekaangwa kiasi, haikufikia weusi wa ile ya vijiweni. Nikiichemsha muda mrefu kwenye birika pamoja na tangawizi, kama tulivyozoea sisi wa Pwani, ule uchachu wake mwepesi unaonikumbusha matunda hupotea kabisa. Je, niisage laini au niiache chengachenga, kisha niichuje kwa kitambaa kwa maji ya nyuzi 93 hivi? Kipimo cha gramu 60 kwa lita moja kinafaa? Mashine sina, wala sikusudii kununua.