Mashine ya kukatia nyasi: ya umeme au ya petroli?

Muulizaji (Raskazone, Tanga): Wapendwa, uwanja wangu una mita 15 kwa 20, na kila masika fyekeo hunishinda. Ninunue mashine ipi?

Jibu la 1: Kwa eneo hilo ya umeme inatosha, mradi usikate nyasi zikiwa na umande na waya uupitishe begani, ubaki nyuma yako, wangu niliukata mwenyewe siku ya pili, nikabaki nimeduwaa.

Jibu la 2: Mimi napendelea ya petroli, kwa kuwa umeme ukikatika kazi haisimami. Ikiwa injini ni ya mipigo minne, oili ina tundu lake na haichanganywi na petroli, jambo ambalo fundi wangu hakulijua. Okota kwanza vipande vya matumbawe, maana kisu huvirusha kama risasi. Nyasi zikirefuka, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukimaliza, chomoa waya wa plagi ya injini, kwangua nyasi zilizoganda chini na upake kisu oili kidogo, kwa sababu upepo wa chumvi huku kwetu hauchelewi kuleta kutu.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitachukua ya umeme, na matumbawe nitaanza kuyaokota leo jioni.