Mnyama wa usiku ndani ya mzinga: ni komba, kindi au panya?

Mfugaji wa nyuki, Manyoni

Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi wa Julai nilifungua mzinga wa gogo uliohamwa na nyuki, nikakuta umejazwa majani makavu na nyuzi za magome, na katikati yake mnyama wa kijivu mdogo kuliko kiganja changu, amejikunja kama mpira, mkia wa manyoya ukiwa umemfunika pua. Alikuwa baridi kabisa, nami nikaamini amekufa, nikamlaza juu ya gogo juani. Niliporudi kutoka kukagua mizinga mingine alikuwa anatetemeka, kisha akapanda mti wa mtundu uliokuwa karibu na kutokomea kwenye ufa. Wenzangu wanasema ni mtoto wa komba, wengine kindi. Ni mnyama gani, na usiku anafanya nini?

Mwalimu wa baiolojia, Dodoma

Ndugu yangu, huyo si komba, kwani komba ni wa kundi moja na nyani na tumbili, ana macho makubwa yanayotazama mbele na vidole vyenye kucha bapa. Kindi naye hutembea mchana. Maelezo yako yanaelekea kwa panya wa mitini wa jenasi ya Graphiurus. Baridi inapozidi au chakula kinapopungua, huacha joto la mwili lishuke na mapigo ya moyo yapungue, akaonekana kama mfu, na hivyo huokoa nguvu. Nakushukuru kwa dhati kwamba hukumtupa.

Usiku hupita kwenye matawi, hata akiwa kichwa chini, akitafuta wadudu, mbegu na matunda. Utumbo wake hauna ile sehemu ambamo panya wengine huchachushia majani, ndiyo maana hutegemea sana wadudu.

Mstaafu wa misitu, Mpwapwa

Naafiki, ila kwa wenzetu wa nyika za Dodoma naongeza tahadhari: kwenye migunga yupo panya mwingine wa usiku, Thallomys, mwenye mkia mrefu usio na manyoya mengi, anayekula majani, mbegu na utomvu wa mgunga. Msiwachanganye.

Wote wawili wanahitaji mapango ya miti, na pango halipatikani kwenye mti mchanga. Mti mzee unapokatwa kwa ajili ya mkaa, mnyama hupoteza mahali pa kulala mchana na pa kulelea watoto, naye mzinga mtupu, ambao kwake ni gogo lenye pango, humfaa sana. Hilo linaniuma, maana nimeona vilima vingi vikibaki na vichipukizi tu.

Mfugaji wa nyuki, Manyoni

Nashukuru sana, mwalimu, na shikamoo mzee wangu. Je, nikitaka mzinga wangu kabla makundi ya nyuki hayajaanza kuhama, nimtoeje?

Mstaafu wa misitu, Mpwapwa

Marahaba. Mtoe mchana akiwa amelala, pamoja na kiota chake chote, ukakitie kwenye pango la mti wa jirani, lakini kwanza tazama kama kuna watoto. Wakiwepo, subiri wakue.