Mjadala: Pakiwa na kiingilio mlangoni, mpiga muziki wa ridhaa ana haki ya ujira?

Mwanzisha mada, mpiga besi wa Ngamiani

Wana Tanga, salaam. Nalileta hili kwa sababu limenigombanisha na watu ninaopiga nao, na wiki ya pili sasa halijanitoka kichwani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Muziki sio kazi yangu. Napiga gita la besi jioni na mwisho wa wiki. Ukumbi mmoja hapa mjini ulituita tupige Jumamosi, watu sita. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000 na watu walijaa mpaka wengine wakasimama ukutani. Tulipanda saa tatu usiku, tukashuka saa nane kasoro robo. Mwenye ukumbi akamlipa mlinzi, akamlipa fundi mitambo, akamlipa MC. Sisi tukapewa sahani ya wali na soda, na maneno haya: "Nyinyi si mna kazi zenu? Hapa mmepata jina."

Wenzangu wawili waliona sawa. Mimi sikuona. Hoja yangu ni moja: penye kiingilio pana ujira. Mtu akishalipishwa mlangoni aje kusikia gita langu, kwamba Jumatatu nafundisha hesabu darasa la tano si habari ya mwenye ukumbi.

Sisemi tulipwe kila mahali. Nimepiga karibu kila muziki unaopigwa mji huu, na kila mmoja una desturi yake ya kumshika mpigaji mkono. Nilianzia kwenye dufu, madrasa, nikiwa na miaka tisa. Hakuna mitambo wala jukwaa. Mnakaa mkekani bega kwa bega, ngozi zimepashwa moto zikakaza, na mkono mmoja ukichelewa safu nzima inajua ni wa nani. Unakula pilau ya maulidi, unaombewa dua, unarudi nyumbani. Sijawahi kujiona nimedhulumiwa.

Taarab nayo ina njia yake. Huku kwetu gita na besi si wageni humo. Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, waliviweka mbele miaka ya 1960, na marehemu Shakila Saidi, mwimbaji, alipita huku kabla ya kwenda taarab ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Nilipojiunga na kikundi kimoja cha Makorora nilidhani besi ni besi tu. Usiku wa kwanza nikafunga wimbo pale nilipohesabu kwamba umefika mwisho, kumbe mwimbaji bado anatunzwa. Mpiga kinanda alinigeukia, na jicho lile nalikumbuka hadi leo. Ubeti ukimgusa mtu, atainuka na noti yake, atakwenda kwa madaha, ataizungusha juu ya kichwa cha mwimbaji huku macho yake yakiwa kwa yule anayetaka ujumbe umfikie. Wewe unarudia palepale mpaka arudi kitini. Nilijifunza kupiga nikitazama watu, nikaacha kuhesabu. Tunzo ndiyo malipo, na anayeitoa anajua anatoa kwa nini.

Dansi ndilo lililonitoa jasho kuliko yote. Mwanzoni watu wanakula, unapiga rumba ya chinichini, kopi za zamani ambazo kila mtu wa makamo ukumbini anazijua kuliko wewe. Ukiharibu wimbo wa Atomic au wa Jamhuri Jazz, bendi za zamani za hapa Tanga, wakati wa mapumziko atakuja mzee mmoja akuimbie kwa mdomo besi ilivyokwenda. Wamenijia watatu kwa miaka tofauti, na wote walikuwa sahihi. Kisha chemko linaingia, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu. Hapo unazunguka na sauti nne zilezile dakika kumi na tano, vidole vinawaka, na usithubutu kuongeza pambo, maana wachezaji wameshakuegemea. Ukiyumba, sakafu nzima inayumba. Kazi hiyo ndiyo niliyolipwa soda.

Matarumbeta nilipiga msimu mmoja, ngoma kubwa, nyuma ya pikapu mbele ya gari la maharusi. Wale bei yao inajulikana kabla gari halijawashwa. Na wengi wao ni kama mimi: mmoja fundi viatu, mwingine mvuvi. Kwa nini wao wapatane kwanza na sisi wa gita tuone haya? Karibuni.

Mpiga solo, Chumbageni

Mwalimu, uko sahihi ila hujaenda mbali. Mimi sina darasa la kurudi Jumatatu. Nakula kwa gita hili, na watoto wangu wanasoma kwa gita hili. Kila nyinyi mnapopanda kwa wali na soda, mwenye ukumbi ananiita wiki inayofuata na kuniambia, "Mbona wale walimu walipiga bure na watu walifurahi?" Bei yangu imeshashuka kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo msidai tu kwenye kiingilio. Daini kila mahali, na daini bei ileile ninayodai mimi.

Watu wanasifu historia ya muziki wa Tanga, lakini wale ndugu wawili wanamuziki, Wilson na George Kinyonga, walipigia wapi miaka yao mikubwa? Walianzia hapa na Jamhuri Jazz, wakapita Arusha, mwaka 1971 wakaanza bendi ya Simba Wanyika huko Kenya. Nairobi ndiko kulikuwa na studio na viwanda vya sahani za santuri. Mpigaji hufuata palipo na riziki.

Mjumbe wa kamati za harusi, Mikanjuni

Ndugu zangu, mimi nimekaa kwenye kamati nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu, mwacheni mtu wa upande wa pili naye aseme.

Harusi zetu zinasimama kwa michango. Anayepika siku nzima juani ni jirani, anayebeba maji ni jirani, kijana anayefunga vitambaa ni mpwa wa bwana harusi. Hawa wote hawana ujira. Sasa mpiga gita wa mtaa huohuo akituletea karatasi ya bei, tutamwambia nini yule mama aliyekesha na masufuria? Ufundi wa kupika pilau ya watu mia tatu isiungue ni mdogo kuliko ufundi wa besi?

Tena mseme kweli: DJ anakuja na msaidizi na flashi. Hataki mazoezi, hataki magita sita yaunganishwe saa mbili nzima huku wageni wanatazama nyaya, na anapiga kila kitu, taarab, singeli, kasida za mwanzoni na nyimbo za kanisani kwa upande wa pili wa familia. Tukiwaita nyinyi ni kwa sababu tunawapenda, hakuna anayetulazimisha. Mkituwekea bei ya bendi ya kukodi, mapenzi hayo yatapata wapi nafasi?

Mwimbaji wa singeli, Mabawa

Shikamooni wakubwa. Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, mdundo uko kwenye laptopu, mimi nina kipaza sauti na pumzi zangu. Napewa dakika kumi. Nikikosea neno halirudi, limeshapita.

Nimepanda bure mara nyingi na sijutii. Kigodoro kimoja cha bure, sherehe ya mtaani ya kukesha, kule Msambweni kilinipa miito mitatu ya kulipwa. Kwa hiyo mwenye ukumbi akisema "mmepata jina", kwangu halikuwa neno la uongo. Ila naona tofauti: mimi nilipata jina kwa sababu nilitajwa, watu wakajua aliyeimba ni nani. Mwalimu, hebu sema, MC alitaja majina yenu usiku ule?

Mwanzisha mada

Marahaba mdogo wangu. Hakutaja. Alisema "bendi yetu ya leo". Sikuwa nimeliwaza hilo mpaka uliponiuliza.

Mwimbaji wa taarab, Makorora

Wanangu, nimesoma yote. Nimeimba tangu sijaolewa na leo nina wajukuu, basi nisikilizeni kidogo.

Mwalimu kasema tunzo ndiyo malipo. Ya nani? Noti inawekwa mkononi mwangu, au inabandikwa kwenye kilemba changu. Mpiga fidla hajawahi kubandikwa noti. Mpiga dumbaki anatoka jasho pale nyuma, watu hata sura yake hawaijui. Vikundi nilivyopita vilikuwa na mitindo miwili. Kuna vilivyoweka kapu: kila tunzo inaingia humo, usiku ukiisha inahesabiwa mbele ya wote, inatolewa nauli na nyuzi za udi, inayobaki inagawanywa. Na kuna vilivyosema kila mwimbaji na bahati yake. Hivi vya pili vilinitajirisha mimi kuliko vya kwanza, sisemi uongo. Lakini havikudumu. Wapigaji huondoka mmoja mmoja bila kuaga, hadi siku moja unajikuta unaimba juu ya kinanda kilichorekodiwa, peke yako, na hicho hakisubiri mtu anapokuja kukutunza. Kinapiga mpaka mwisho wake kinanyamaza, na mwenye noti bado yuko njiani.

Kwa hiyo kabla hamjamkaba mwenye ukumbi, tazameni nyumbani. Huyo mpiga tumba wenu mlishawahi kumgawia sawasawa?

Msomaji wa Bagamoyo

Jambo moja la kuongeza. Baraza la Sanaa la Taifa lipo kwa sheria ya mwaka 1984, na msanii anatakiwa asajiliwe nalo. Wengi wetu wa ridhaa tunaliona ni la wenye majina makubwa. Huku Bagamoyo, kwa kuwa chuo cha sanaa kiko hapa tangu 1981, kijana anayepiga marimba anasikia habari ya usajili mapema. Kikundi kilichosajiliwa kikikaa mezani na mwenye ukumbi kinakaa kama upande wa makubaliano, na makubaliano hayo yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, sahihi mbili. Bila karatasi utadai nini na kwa nani?

Mwanzisha mada

Naanza na kaka wa Chumbageni. Nimekusoma mara mbili. Kweli sikujua kwamba sahani yangu ya wali ilikuwa inakatwa kwenye mfuko wako. Nakubali sehemu hii: penye kiingilio nitataja bei yako, sitashuka chini yake hata shilingi, na ukumbi ukisema ni ghali nitawapa namba yako. Lakini "daini kila mahali" siwezi. Siwezi kumdai sheikh aliyenifundisha kushika dufu. Na msiba wa mpigaji mwenzetu, mtu ataandikaje bei?

Ndugu wa kamati, hoja ya mpishi imenikaba, na nimeizunguka siku tatu. Nikakumbuka kadi. Harusi zetu za ukumbini zina kadi ya mtu mmoja na kadi ya watu wawili, kila moja na kiwango chake, na kijana mlangoni anaikagua. Asiyechanga haingii. Hicho si kiingilio? Na kwenye bajeti ya kamati kuna fungu la ukumbi, la mapambo, la MC, la picha za video. Kama MC naye ni jirani na ana fungu, kwa nini mpigaji asiwe nalo? Mama aliyepika nyumbani kwenye shughuli ya mtaa hana fungu, na hapo mimi nitapiga bila kuuliza, tena nitakuja na spika yangu. Lakini ukumbini chakula kinapikwa na mpishi aliyekodiwa, na huyo hajawahi kulipwa soda.

Mjumbe wa kamati za harusi, Mikanjuni

Mchango si kiingilio, mwalimu. Mchango ni deni. Leo nakuchangia, kesho unanichangia. Kwenye kiingilio hakuna anayerudishiwa. Ila la MC umenishika. Nimefungua daftari la harusi ya mwezi uliopita. MC yumo, DJ yumo, matarumbeta yamo. Vijana wanne waliopiga wakati wa chakula hawamo popote. Sina cha kulisemea hilo kwa leo.

Mwanzisha mada

Asante kwa kufungua daftari, ndugu yangu.

Bi mkubwa, swali lako nilikwenda nalo mazoezini Alhamisi. Nilisema Jumamosi hii, tukilipwa tusilipwe, chochote kitakachoingia, noti ya mkononi au ya kilembani, kiwekwe kapuni. Mpiga tumba hakusema kitu. Alitazama chini akaendelea kukaza ngozi. Mwimbaji wetu alikataa. Alisema noti ile mtu amempa yeye kwa ubeti wake, na mwenye kutoa hakukusudia besi. Nilikosa jibu, kwa sababu ndivyo nilivyoandika mwenyewe hapo juu: anayeitoa anajua anatoa kwa nini.

Makubaliano na ukumbi wa Jumamosi tumeyaandika, watu sita, kiasi kimoja kwa kila mtu, sahihi mbili. La tunzo bado. Wewe ulipokuwa kwenye vikundi vya kapu, mwimbaji mwenye kutunzwa sana mlimwambiaje akakubali?