Breki zalia: nibadilishe sasa au ningoje hadi baada ya Wundanyi?

Bi_Likoni
Asalaam aleikum jamani. Nina gari, Toyota Fielder, mwaka wa tatu huu ninalo. Kila asubuhi navuka feri kuja kisiwani, jioni narudi. Tangu mwezi uliopita breki za mbele zalia. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, haswa mvua ikinyesha usiku. Nikikanyaga mara tatu nne, kimya. Nikapuuza. Wiki hii zalia mchana kutwa, na pale foleni ya kuteremkia feri ndipo penye aibu: naachilia, nafunga, naachilia, nafunga, na kila nikifunga ni kama paka amekanyagwa mkia. Juzi maji yalikuwa yamekupwa, mteremko umerefuka, mpaka kijana wa njugu akaniambia, "Mama, gari lako lalia njaa."

Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alifungua boneti, akaona mafuta ya breki yameshuka, akaongeza, akasema hilo ni vumbi tu, nitembee nalo. Wa pili akasikiliza akiwa amesimama, akasema pedi na diski zote zimekwisha, elfu 24, kazi yake mbali. Hakuna aliyefungua gurudumu. Mwisho wa mwezi twaenda Wundanyi, milimani Taita, harusini, gari limejaa watoto na bibi yao, na elfu 24 sina. Nifanyeje?

Tuktuk_Kongowea
Dada, zangu zililia miezi minane. Dawa ni kuongeza sauti ya redio 😂

Fundi_Magongo
Tuktuk, wacha mzaha, mwenzio abeba watoto.

Bi Likoni, hao wawili wamekupigia ramli. Zile kelele za mwanzo usizihesabu. Sisi twakaa pwani. Diski, ile sahani izungukayo na gurudumu, ni chuma kitupu, ikilala na unyevu wa chumvi yaamka na kutu, na pedi, vile vipande viibanavyo, zaifuta kwa mikanyago michache. Kelele inayodumu ndiyo habari. Pedi nyingi zina kibati kilichowekwa makusudi: zikibaki milimita 2 au 3, kibati chagusa diski na kupiga mluzi. Mluzi ukigeuka mkwaruzo, kama sufuria yakokotwa sakafuni, hapo ni chuma kwa chuma. Liegeshe, maana sasa diski yaliwa.

Halafu hayo mafuta. Pedi zikiliwa, pistoni zinazozisukuma hutoka zaidi kuzifuata, na mafuta hujaza ile nafasi. Ndiyo maana mafuta yashuka koponi bila kuvuja hata tone. Yule wa kwanza alionyeshwa jibu, akalifunika kwa kuongeza! Siku ya kuweka pedi mpya, pistoni zikirudishwa ndani, yale ya ziada yatafurika, na hayo hula rangi ya gari. Mwambie atakayefanya kazi ayapunguze kwanza.

Gurudumu lifunguliwe mbele ya macho yako. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi, bila kuhesabu kibao cha chuma cha mgongoni. Ikifika 3, badilisha. Huna rula? Kadi nne za benki zikilaliana ni milimita 3. Diski nayo ina unene wake wa mwisho, kwa kawaida umeandikwa juu yake yenyewe. Ikiwa haijafika huko, haina mifereji mirefu, wala usukani hautetemeki ukifunga breki, iache.

Nyali_Jirani
Usidanganyike na pedi ya nje. Mimi nilikuwa nachungulia kwa tochi ya simu kati ya rimu, naona nyama tele, nalala usingizi. Kumbe ya ndani ilikuwa imebaki kama ukucha. Waambie watoe zote nne.

Mzee_wa_Mazeras
Mwanangu, usipeleke breki za mashaka Wundanyi. Kupanda kutoka Mwatate injini yateseka lakini breki zapumzika. Siku ya kurudi ndiyo siku. Kona juu ya kona, gari limejaa, mguu haubanduki kwenye pedali, na joto lapanda hadi kwenye mafuta. Haya mafuta hunywa unyevu wa hewani. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yapite nyuzi 205. Yakishalowana, 140 hivi zatosha. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke wabonyezeka: wakanyaga, mguu waenda hadi sakafuni, gari laenda zake. Miaka 3 unalo, umeshawahi kuyabadilisha? Desturi ni kila miaka 2.

Na teremka kwa gia ndogo. Nimeendesha lori miaka 26 nikiteremka Mariakani hadi bandarini, na wengi walionipita wakinicheka niliwakuta Mazeras, magurudumu yatoa moshi.

Bi_Likoni
Nimerudi, siku nne baadaye. Mzee, ahsante, hayakuwahi kubadilishwa, yalitoka meusi kama chai ya tangawizi.

Nilikaa juu ya kopo la rangi nikitazama kila kitu. Kulia: pedi ya nje milimita 5, ya ndani 4. Kushoto: ya nje 5, ya ndani haifiki hata kadi moja ya benki, na kile kibati kimekunjika. Pini moja ya kalipa, kile chuma kinachoshika pedi, ilikuwa imeshikwa na kutu, kwa hiyo pedi moja ilikuwa yabeba kazi ya mbili. Fundi aliing'oa kwa taabu, akaisugua kwa msasa, akaipaka grisi. Diski ya kushoto ina mikwaruzo, lakini ilipopimwa bado yapita ule unene ulioandikwa. Nyuma ni breki za dramu, zikafunguliwa: viatu vyake, vinavyofanya kazi ya pedi, vizima, vumbi tu. Pedi za mbele pande zote mbili, mafuta mapya, na kazi: 7,800.

Ila sasa zashika kivivu kidogo. Ni kawaida?

Fundi_Magongo
Kawaida, bado hazijazoeana na diski. Alfajiri ya Jumapili nenda Dongo Kundu, tazama kioo cha nyuma, kisha toka kilomita 50 kwa saa hadi 10 polepole mara kumi, bila kusimama kabisa. Kilomita 200 za mwanzo usizikanyage kwa hasira. Lakini pedali yenyewe ikiwa laini kama sponji, hiyo ni hewa. Rudi kwa fundi siku hiyo hiyo.

Tuktuk_Kongowea
Na kijana wa njugu je?

Bi_Likoni
Leo hakunisikia nikija. Ilibidi nimpigie honi.