Mjadala: Muuguzi wa Tabora ni mtafiti au mjaza madodoso?

Wakuu, tulijadili hili bila kuoneana haya. Jana mchangiaji mmoja aliandika kuwa tukiwawekea masharti watafiti wa nje, watahamishia fedha zao mkoa mwingine na sisi tutabaki mikono mitupu. Sikubaliani naye.

Mimi ni muuguzi mkunga, leba ndiyo kazi yangu. Utafiti mmoja uliletwa kituoni kwetu na dodoso refu ajabu. Usiku tulikuwa wawili kwenye zamu. Mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe na kuandikwa kwenye patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi) kila nusu saa, mama wa kitanda cha pili anaita, halafu saa kumi alfajiri nimeshika kishikwambi cha mradi namuuliza mzazi ambaye hata uji hajanywa: nyumba yako imeezekwa kwa nini? Miezi na miezi. Makala ilipotoka, tulitajwa kwenye shukrani kama "wauguzi", basi.

Mtasema kukusanya takwimu pekee hakumfanyi mtu mwandishi wa makala. Kweli. Mwongozo wa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba unataka pia ushiriki kuandika au kuhakiki rasimu, na uridhie toleo la mwisho. Lakini mwongozo huohuo unasema aliyechangia kwa uzito kwenye takwimu apewe nafasi ya kushiriki hatua hizo. Sisi rasimu hatukuiona.

Mtafiti mgeni hupata kibali cha utafiti COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), idhini ya maadili NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na lazima awe na mshirika wa hapa nchini. Ila huyo mshirika mara nyingi yuko Dar es Salaam. Ndiyo maana ningeanza na ushirika wa nyumbani kabla ya kumlaumu mgeni: NIMR ina kituo hapahapa Tabora, na wabobezi wa uuguzi wako vyuo vikuu vya Muhimbili na Dodoma. Watufundishe kuandika andiko la utafiti, mgeni atukute na swali letu.

Na maswali tunayo. Msimu wa kukausha tumbaku nawapokea akina mama wamechelewa, kanga zinanuka moshi wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Mama akiondoka, moto anamwachia nani? Sijaona dodoso linalouliza hilo.

Napendekeza utafiti wowote unaoingia wodini uwe na muuguzi wa wodi hiyo tangu swali linapotungwa. Mnaopinga, nijibuni: mradi utakaokimbia kwa sharti hilo ungetuachia nini?