Wagonjwa wasiojulikana walipo, niwafute kwenye data?

binti_wete: Asalam aleikum jamani, naombeni msaada. Nafanya utafiti wa saratani ya matiti, nafatilia mgonjwa tangu kuanza dawa mpaka kufariki, sasa wengi wako hai alhamdulillahi, na wengine wa huku Pemba walikuja kliniki mara chache kisha simu hazipatikani tena. Mwenzangu ananambia niwafute wote hao nipige wastani wa miezi kwa waliofariki tu. Moyo wangu hautaki, ni sawa?

yakhe_mkunazini: Si sawa dada, usiwafute. Ukiwachukua waliofariki tu umewatupa wote wanaodumu, utasema watu wanaishi muda mfupi kuliko kweli. Mtu ulomuona hai mpaka mwezi wa 5 keshakupa miezi 5, ichukue hiyo kisha mtoe kwenye hesabu, ndo kazi ya Kaplan-Meier, njia ya kukadiria asilimia ya walio hai kadiri muda unavyokwenda, tangu 1958. Chukua watu 10, mwezi wa 3 kafariki mmoja, mwezi wa 5 wamepotea wawili, mwezi wa 6 kafariki mwengine kati ya 7 waliobaki. 9/10 mara 6/7 unapata kama asilimia 77 walio hai baada ya mwezi wa 6. Ungewafuta wale wawili ungepata 75, ungewahisabu wako hai mpaka mwisho ungepata 80. Na uripoti mediani, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa wanakuwa wamefariki, wastani achana nao.

daktari_mkoani: Hisabu sawa, ila khasa uangalie kwa nini wamepotea. Njia hiyo inachukulia alopotea hana tofauti na alobaki. Kama kazidiwa watu wake wakamrejesha kijijini huyo si sawa na alobadilisha laini ya simu, na mstari wako wa Kaplan-Meier utaonesha matumaini ambayo hayapo. Kibali chako kikiruhusu pitia kwa jamaa zao au wahudumu wa afya wa shehia kabla hujagusa kompyuta, tena hawa ni mama zetu, tujue yaliyowafika.

binti_wete: Nimefahamu, Allah awalipe. Na kulinganisha waliokuja mapema na waliochelewa?

yakhe_mkunazini: Chora mistari miwili ya Kaplan-Meier, mmoja kwa kila kundi, kisha jaribio la logi-renki, linaloangalia kama tofauti ya mistari ni ya kweli au bahati tu. Ukitaka kuingiza na umri tumia modeli ya Cox ya 1972, inayopima hatari ya kufariki kwa mambo kadhaa kwa pamoja, lakini hiyo inataka uwiano wa hatari baina ya makundi usibadilike muda wote, mistari ikikatana katikati usiiamini namba moja itakayokupa. Kwenye R, programu ya takwimu, ipo paketi ya survival, bure.